Ngitili Haiitwi Mazingira

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Makala yangu ya kwanza katika kurasa kama hizi haikusomwa. Sisemi ilisomwa na wachache, nasema haikusomwa. Nakala moja niliikuta imefungia karanga, na muuza karanga mwenyewe hakuwa ameitupia jicho. Kwa muda mrefu nililaumu watu: Waswahili hawasomi, vijana wanapenda mpira na muziki tu, na kadhalika. Leo nataka kuhakiki makala hiyo hadharani, kwa sababu nimegundua kwamba kosa halikuwa la watu. Lilikuwa langu, tena lilikuwa katika maneno matatu tu.

Makala yenyewe ilihusu ngitili ya ukoo wetu huko Shinyanga. Kwa asiyejua, ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa masika, mifugo isiguse, ili kiangazi kikishika pawepo na majani ya kulisha. Humo ndani miti huachwa ikue, kuni hupatikana, dawa hupatikana, na ndege hurudi. Niliandika kwa miezi mitatu. Nilieleza miti, nilieleza ndege, nikaeleza na ugomvi: vijana wa ukoo wanataka ifunguliwe, wakate miti waiuze kwenye machimbo ya Geita, na wazee wanakataa. Kichwa cha makala nilikiita "Uzuri Unaotoweka". Chini ya kichwa, pale ambapo gazeti letu humtaka mwandishi aweke lebo chache za kumwongoza msomaji, nikaweka tatu: Mazingira, Asili, Maisha. Nikaridhika kabisa.

Nikachukua nakala kumi na tano, nikapanda basi hadi Katoro. Pale pembeni ya barabara nikamkuta mzee mmoja anauza matimba, yaani yale magogo ambayo wachimbaji wadogo huyatumia kushikilia kuta za duara zisiwaangukie. Nikamsalimu.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanawane. Unauza nini?"

Nikampa nakala. Akaifungua, akapitisha kidole juu ya kichwa, akashuka kwenye lebo, akasoma ya kwanza kwa sauti: "Mazingira." Akanirudishia.

"Haya mambo ya semina, ng'wanawane. Na hapa hakuna posho."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa aibu. Nikamwuliza angependa kusoma nini. Akafikiri kidogo. Akasema angepata maandishi yanayoeleza haya matimba yanatoka porini kwa nani, na kwa nini kila mwaka anayafuata mbali zaidi, angenunua nakala mbili, moja ampelekee mwanawe aliyeko shimoni.

Msomaji, kurasa tatu za makala yangu zilikuwa zinaeleza jambo hilohilo! Mtu niliyemwandikia alikuwa ameishika makala mkononi, akairudisha kwa sababu ya neno nililoliweka mwenyewe mlangoni. Nilirudi nyumbani na nakala kumi na nne. Ya kumi na tano ndiyo hiyo iliyofungia karanga.

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kazi ya sanaa kwa kugawa fani na maudhui. Wahusika, mandhari, mtindo, dhamira, ujumbe. Hakuna mwalimu aliyetuuliza: je, kazi hii inaitwaje na anayeihitaji? Lebo si fani, wala si maudhui. Lebo ni wito. Na wito una kanuni yake moja ambayo kila mchungaji wa Usukuma anaijua: humwiti ng'ombe wako "ng'ombe". Zizini wamo themanini. Unamwita kwa rangi yake, kwa mabaka yake, kwa pembe yake, naye ananyanyua kichwa. Ukiita "ng'ombe!" hakuna anayenyanyua kichwa, maana hakuna aliyeitwa.

"Mazingira" ni neno la aina hiyo. Limetokana na kuzingira, nalo si neno baya. Lina kazi yake katika sheria: Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ikaja mwaka 2004. Lakini kwa miaka yote hiyo neno hili limeishi zaidi kwenye mabango, kwenye hotuba na kwenye makabrasha ya warsha. Mtu wa Katoro akilisikia anaona viti vya plastiki na mgeni rasmi. Haoni mti. Kibaya zaidi, hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema, "Leo nataka kusoma habari za mazingira." Mtu huamka na swali: kwa nini kisima kimekauka? Ndege huyu anaitwaje? Mti huu unaponya nini? Huyo ndiye msomaji wetu, naye anatafuta kwa maneno ya swali lake.

Hebu sasa tuangalie mfano uliotokea kwetu wenyewe. Wazee wanaikumbuka Shinyanga iliyokuwa ikiitwa jangwa. Enzi za Waingereza misitu ilifyekwa kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o. Pamba nayo ikadai mashamba. Kisha operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka maeneo yao, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa alishtushwa na hali ya ardhi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana kwenye hesabu zilikuwa yapata hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilizorudishwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa ule wa zamani, kabla haujamegwa.

Sitaki kudanganya kwamba neno ndilo lililootesha miti. Miti ilioteshwa na visiki vilivyoachwa vichipue, na watu kuwa na hakika kwamba eneo ni lao. Ililindwa na makubaliano ya dagashida, yale mabaraza ya jadi, na sungusungu waliosimamia faini. Lakini mhakiki wa maneno ana haki ya kutazama upande wake. Wataalamu wale wangeweza kuja na jina jipya, "maeneo tengefu ya uoto" au kitu cha namna hiyo, likabaki kwenye faili. Badala yake walichukua neno ambalo bibi yangu alikuwa akilitumia kabla mradi haujazaliwa. Mwanakijiji alipolisikia hakuuliza maana yake, aliuliza, "Ya nani? Inaanzia wapi?" Hayo ndiyo maswali ya mtu aliyekwisha kuingia ndani ya mazungumzo.

Tena angalieni neno lilivyosafiri. Leo mtafiti wa nchi za mbali akiandika habari za kurudisha uoto katika nchi kavu, analiandika "ngitili" vilevile, kwa Kisukuma, katikati ya lugha yake. Neno dogo la kijijini ndilo lililowaleta wageni Shinyanga. Lingekuwa "mazingira" wangetuchanganya na dunia nzima. Hata jina HASHI, kama HADO ya Dodoma iliyoitangulia mwaka 1973, lilikuwa na akili: limetaja kazi na limetaja mahali. Kazi na mahali. Waandishi vijana, tuanzie hapo.

Jambo la pili ni namna ya kuandika neno lenyewe. Wapo wanaoandika ngitili, wapo wanaoandika ngitiri. Nimeona makala mbili nzuri sana za vijana wenzetu, mmoja ametumia hii na mwingine ile, na katika faharasa ya mwisho wa mwaka zikaangukia mahali tofauti, kama ndugu wawili waliopanda mabasi mawili. Aliyesoma ya kwanza hakujua kuna ya pili. Ushauri wangu ni huu: chagua umbo moja kwa lebo, nalo liwe lile linalosemwa zaidi na watu unaowaandikia, umbo la pili litaje mara moja katika aya ya kwanza. Basi, ugomvi umekwisha.

Tatu ni majina ya miti. Hapa ndipo vijana wengi wanapochemsha, tena kwa pande mbili. Wapo wanaojaza Kilatini ili waonekane wataalamu. Na wapo wanaoandika "mgunga" tu, wakidhani wamemaliza, kumbe mgunga ni jina la ukoo mzima wa miti ya miiba. Kilatini nacho hakisimami mahali pamoja. Migunga yote tuliyosoma shuleni iliitwa Acacia. Mwaka 2005, katika mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna, jina hilo likaachiwa miti ya Australia. Uamuzi ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011, na migunga ya Afrika ikabaki kuitwa Vachellia au Senegalia. Maandishi mengi ya wakati wa HASHI yametumia jina la zamani. Kwa hiyo anayetafuta kwa jina jipya peke yake anaweza kuyapita hayo yote, na anayetafuta kwa la zamani peke yake anapitwa na mapya. Na mwaka 2024, huko Madrid, wataalamu wakakubaliana kubadili majina ya mimea yenye neno "caffra", kwa kuwa lilitokana na tusi walilotukanwa Waafrika. Mnaona? Hata kwa wakubwa wa sayansi lebo si kitu kidogo. Watu wamesafiri mabara ili kubishana juu ya neno moja.

Mwandishi afanye nini? Mti mmoja, majina matatu: la nyumbani, la Kiswahili, la kitaalamu. Mbuyu, kwetu ng'wandu, wataalamu wanauita Adansonia digitata. Sentensi moja inatosha. Lakini kwenye lebo weka lile ambalo msomaji wako analo mdomoni. Kama unamwandikia bibi, ni ng'wandu. Kama unawaandikia vijana wa mjini wa nchi nzima, ni mbuyu. Ukiyaweka yote matatu kwenye lebo ujue umekula nafasi ya maneno mengine.

Na nafasi ni chache. Nimeona makala moja, fupi kuliko hii, ina lebo kumi na tano: ndege, ziwa, upepo, mapenzi, Afrika, Mungu, matumaini... Ukiita watu kumi na tano kwa mpigo, kila mmoja anadhani ameitwa mwenzake. Mimi sasa najiwekea tano. Moja pana, kwa ajili ya mpita njia. Mbili za kati: mahali na jambo. Mbili nyembamba kabisa, zile ambazo pengine watu ishirini tu nchini watazitafuta, lakini hao ishirini wakizikuta hawatabanduka.

Mfano wa lebo nyembamba ni "nzohe". Nzohe ni yule swala wa kwenye matete anayepatikana kisiwani Rubondo, humo humo ndani ya Ziwa Victoria upande wa Geita. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Kijana akiandika juu ya nzohe akaweka lebo "wanyama", atapotea katikati ya simba na tembo wa Serengeti. Akiweka "nzohe" na "Rubondo", atapata wasomaji wachache, ila ni wale wenye kiu. Na kisiwa hichohicho kinatufundisha lebo inavyoweza kusema kweli nusu. Rubondo kuna sokwe, ni kweli. Lakini si sokwe wenyeji kama wa Gombe na Mahale. Waliletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, kisha wakazaliana porini. Ukiweka "sokwe" bila kusema hilo mapema, msomaji atakayekuja kutafuta wenyeji atajiona ametapeliwa, na atakuwa na haki.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kishawishi kikubwa cha mkoa wetu: neno dhahabu. Geita imejulikana kwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani. Ukiandika "dhahabu" chini ya makala, watu watasimama. Nimeona shairi zuri la vipepeo limewekewa lebo "Geita, dhahabu, utajiri". Washikaji wakalifungua kijiweni wakitegemea dili, wakakuta vipepeo. Waliyoyasema siyaandiki hapa. Mwandishi yule alipata macho mengi siku moja, akapoteza imani ya kijiwe kizima kwa mwaka. Lebo ya uongo ni kimeo.

Lakini mimi nikiandika juu ya ngitili na matimba, je, nina haki ya kutumia dhahabu? Nimejiwekea kipimo: neno halipandi kwenye lebo mpaka niweze kuonyesha aya ambayo neno hilo linafanya kazi. Katika makala yangu ipo. Duara haliwezi kwenda chini bila magogo. Magogo hutoka kwenye miti. Miti iliyobaki mingi iko ndani ya ngitili. Dhahabu inakula mgunga. Basi neno lile lina haki yake pale, halikuja kuuza sura.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi mzuri kuniliko, amenipinga sana juu ya mambo haya. Anasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Andika vizuri, mengine ni uchuuzi. Namheshimu, lakini nadhani amesahau kizuri hujiuzia wapi. Kizuri hujiuza kikiwa kimeanikwa sokoni. Mchele bora ukiwa ndani ya gunia lililoshonwa, na juu ya gunia umeandika "Vitu", utakaa hapo mpaka panya waujue kabla ya watu. Kutaja kilichomo ndani ya gunia si kujitembeza. Ni adabu kwa mnunuzi mwenye haraka.

Tena si gazeti letu tu lenye tatizo hili. Ingia maktaba yoyote inayofuata mpango wa Dewey, uliotungwa mwaka 1876. Kilimo na misitu viko kwenye 630. Fasihi iko kwenye 800. Sasa insha ya kijana juu ya ngitili, iliyoandikwa kwa uchungu na kwa lugha nzuri, itakaa wapi? Ikikaa kwenye misitu, mpenzi wa fasihi hataiona milele. Ikikaa kwenye fasihi, bwana misitu hataiona. Kitabu kina mwili mmoja, kinakaa rafu moja. Ndiyo maana wakutubi waligundua kadi za mada: kitabu kimoja, kadi kadhaa, kila kadi inakiita kutoka mlango wake. Lebo zetu tano ndizo kadi zetu. Tukizijaza zote maneno ya rafu moja, tumefunga milango minne kwa mikono yetu.

Nimalizie na jambo zito kidogo, maana mpaka hapa mtu anaweza kudhani ninachotaka ni wasomaji wengi tu. Kuna maandishi ambayo hayafai kupatikana kirahisi. Katika rasimu yangu ya pili nilikuwa nimesimulia jinsi mjomba alivyokutana na kakakuona ndani ya ngitili yetu, usiku, baada ya mvua. Aya ilikuwa nzuri, najisifu. Nikaweka lebo: kakakuona, na jina la kijiji. Nikalala. Usiku nikaamka. Kakakuona anawindwa kwa ajili ya magamba yake. Mwaka 2016 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya jamii zote nane za kakakuona. Mimi nilikuwa nimeandika tangazo: mnyama gani, kijiji gani, msimu gani. Kanuni yangu ya kazi na mahali ilikuwa inaelekea kumwua mnyama niliyemsifu.

Nikafuta jina la kijiji, kwenye lebo na ndani ya aya. Kakakuona nikamwacha, kijiji nikakiita "kwetu". Kwa hiyo kanuni ina upande wa pili: kabla ya kuuliza nani atanitafuta kwa neno hili, uliza pia nani mwingine atalitafuta. Ukiandika juu ya mti wa dawa unaokwisha, au kiota, au mahali palipochimbwa kidogo pakaonyesha rangi ya dhahabu, fikiri mara mbili. Lebo ni wito, na kwenye kichaka wito husikiwa na wote.

Basi makala nikaiandika upya. Kichwa: "Matimba Yanatoka Ngitili ya Nani?" Lebo: dhahabu, Geita, ngitili, matimba, mgunga. Neno mazingira halimo hata mara moja, na nadhani halijamkosesha mtu usingizi. Nikarudi Katoro na nakala tano tu, maana pesa ya kuchapa ilikuwa imekwisha. Mzee nilimkuta palepale. Akasoma kichwa, akasoma lebo, akakaa juu ya gogo. Akasoma ukurasa wa kwanza taratibu, midomo ikicheza. Nilisimama kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Alipofika ukurasa wa tatu akanyanyua kichwa. "Ng'wanawane, hapa umekosea. Matimba hayapimwi hivi. Wewe umeyaona barabarani tu, shimoni hujaingia."

Akanieleza kosa langu kwa muda wa saa nzima, akichora kwenye vumbi kwa kijiti. Wengine wakaja, wakabishana naye, wakabishana na mimi. Mmoja akauliza ngitili yetu iko wapi. Nikasema, "Kwetu." Mzee akalipa nakala mbili kama alivyoahidi, moja ya mwanawe.

Sijui kama ngitili itapona. Kikao cha ukoo bado hakijamaliza, na vijana wana hoja, maana ada ya shule hailipwi kwa ndege. Ila safari hii nakala ya makala iko mikononi mwa mtu anayenunua miti hiyo, naye ameiwekea alama za kalamu pale niliposema uongo kwa kutojua. Toleo lijalo nitazisahihisha.

Wewe uliye na makala mezani sasa hivi: kabla hujaipeleka kwa mhariri, andika lebo zako tano kwenye kipande cha karatasi, mpe mtu ambaye hajaisoma, mwulize makala hii inahusu nini. Akikujibu "mambo ya semina", usimkasirikie. Rudi nyumbani ukabadilishe maneno.